Mwami Aliyebaki Upande Huu

Ukivuka mpaka Kavimvira hadi Gatumba, unatoka Kongo, jamhuri yenye wami, yaani watawala wa jadi, na kuingia Burundi, jamhuri iliyomwondoa mwami wake. Nimefundisha historia hapa Uvira miaka mingi, na jambo hili bado linanishika.

Mbelgiji alitawala pande zote mbili. Mwaka 1925 aliiunganisha Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) na Kongo kiutawala. Lakini Burundi aliikuta na mfalme mmoja, akaitawala kupitia kwake. Huku kwetu alikuta wenye enzi wengi, akawachorea mipaka na kuwakusanyisha kodi.

Burundi, basi, siasa yote ilikizunguka kiti kimoja. Mwanamfalme Rwagasore aliuawa Oktoba 1961. Julai 1966 mfalme Mwambutsa IV alipinduliwa na mwanawe, na Novemba mwaka uleule mwanajeshi Micombero akamwondoa huyo mwana na kutangaza jamhuri. Mobutu, aliyetwaa madaraka Kongo 1965, hakuwa na mfalme wa nchi nzima wa kumng'oa. Wami wa Bavira na Bafuliiru walibaki.

Leo Mrundi wa Gatumba hupiga kura kuchagua baraza la kilima chake. Mkulima wa Uvira hupeleka kesi ya shamba kwa mwami aliyerithi kiti. Siwatetei waliofuta wami, kwa kuwa mwami huijua mipaka ya mashamba kuliko karani yeyote. Linaloniudhi ni kwamba Katiba ya Kongo ya 2006 inaruhusu machifu kuingizwa katika bunge la mkoa, hadi sehemu moja ya kumi ya viti, bila kupigiwa kura na wananchi.