Skitini: bunduki ya .416 Rigby na bei ya kuchagua kiwango adimu

Leo naomba tupumzike kidogo na habari za seva na hifadhidata, tuzungumzie bunduki. Msishtuke. Mimi si mwindaji, na hapa Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Mei 1977, kwa hiyo sina ninachouza wala ninachotangaza. Kilichonivuta ni kwamba historia ya risasi iitwayo .416 Rigby inafanana mno na mambo yanayotukosesha usingizi sisi waandishi wa programu: nani anaweka kiwango, nani anakitegemea, na mtu afanye nini mwenye kiwango akifunga duka.

Tuanze London. John Rigby & Co. walikuwa mafundi wa bunduki wenye duka St James's Street, na mwaka 1898 walileta risasi ya .450 Nitro Express kwa bunduki za mitutu miwili. Ilikuwa risasi nzuri, na wawindaji wa ndovu na mbogo waliikubali. Halafu mwaka 1907 serikali ya Uingereza ikapiga marufuku risasi za kaliba ya .450 kuingia India na Sudan. Sababu haikuhusu wanyama hata kidogo. Mikononi mwa watu waliopinga utawala wao zilikuwamo bunduki kuukuu za kijeshi za Martini-Henry, zilizotumia kaliba hiyohiyo, na wakubwa waliogopa risasi za wawindaji zisije zikaishia huko.

Matokeo yake yangemchekesha yeyote aliyewahi kuona kampuni zikikimbilia kutoa miundo yao baada ya muundo mmoja kufungwa. Kila fundi akatoa yake: .470, .465, .475, .476. Zote zinafanya kazi ileile kwa tofauti ya unywele, na hakuna hata moja inayoingia kwenye bunduki ya mwenzake.

Rigby wao walikuwa na kadi nyingine mkononi. Tangu 1898 walikuwa mawakala wa Mauser nchini Uingereza. Bunduki ya Mauser ya mwaka huo, ya bolti, ilikuwa na mtutu mmoja na kisanduku cha risasi chini yake, nayo iligharimu kidogo sana ukiilinganisha na ya mitutu miwili. Kutengeneza mitutu miwili inayopiga mahali pamoja ni kazi ya mkono: fundi anapiga, anapasha moto, anasogeza kabari, anapiga tena. Mtutu mmoja hauna shida hiyo. Rigby wakawaomba Mauser watengeneze mtambo mrefu na mpana kuliko ule wa kijeshi, na mwaka 1911 wakaitoa .416 Rigby ili iendane na mtambo mkubwa wa namna hiyo.

Hapa nitakaa kidogo kwenye vipimo, maana ndipo utamu ulipo. Kichwa cha risasi kina kipenyo cha milimita 10.6 na uzito wa gramu 26 na nusu hivi, nacho hutoka kwa mwendo wa mita 700 na kitu kwa sekunde. Ganda lina urefu wa karibu milimita 74, na risasi nzima karibu milimita 95. Hilo ganda ni kubwa kupita kiasi kwa kazi yake. Ukilijaza baruti ya kisasa mpaka juu litakupa nguvu nyingi kuliko alizotaka Rigby. Kwa nini basi walilifanya kubwa hivyo?

Jibu ni joto. Baruti ya siku zile iliitwa kodaiti, na kodaiti ina tabia mbaya: ikipata joto, shinikizo hupanda. Risasi iliyopimwa London kwenye ukungu wa Februari ni kitu kimoja; risasi ileile iliyoshinda juani Tsavo au kwenye nyika za Sudan ni kitu kingine. Shinikizo likizidi, ganda la shaba hutanuka na kung'ang'ania ndani ya chemba. Unapiga, mbogo hajaanguka, unavuta bolti, bolti haiji. Hapo hakuna cha kuzima na kuwasha upya.

Kwa hiyo Rigby walilipa ganda nafasi kubwa ili shinikizo libaki chini hata likipanda. Kiwango cha Ulaya leo kinairuhusu .416 Rigby isizidi bar 3,250, wakati .416 Remington ya mwaka 1988, yenye nguvu karibu sawa, inapita bar 4,000. Wapo wanaosema ganda la Rigby ni ubadhirifu wa shaba. Mimi sikubaliani nao. Ile nafasi tupu ni sawa na kumbukumbu ya ziada unayoiacha kwenye seva kwa ajili ya siku usiyoijua.

Ila ukubwa una bei yake, na bei hiyo inamwangukia yule anayepanga kuunda bunduki. Kitako cha ganda la Rigby kina upana wa milimita 15. Mtambo wa kawaida wa Mauser uliundwa kwa ganda la milimita 12 na risasi nzima ya milimita 82. Ukitaka kuiingiza Rigby humo lazima upanue uso wa bolti, urefushe kisanduku, na ukate chuma mbele na nyuma. Ukikata mbele, unapunguza chuma kilekile kinachoshikilia bolti wakati wa mlipuko. Fundi mzuri hasinzii usiku akifikiria milimita hizo. Njia safi ilikuwa kutumia mtambo mkubwa wa Mauser, lakini huo ulitengenezwa kwa idadi ndogo, na baada ya vita vya 1939 hadi 1945 kiwanda cha Oberndorf kikavunjwa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1949 mwindaji wa safari aitwaye Harry Selby, kijana aliyekulia Kenya, alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya .470. Gari likaikanyaga. Akaenda Nairobi kutafuta nyingine, na iliyopatikana dukani ilikuwa Rigby ya .416, tena ya mtambo wa kawaida, sio ule mkubwa. Wale Waafrika waliofuatilia nyayo na kubeba bunduki safarini wakaiita Skitini, yaani ile "sixteen" ya mwisho wa namba yake, ikiwa imepita kwenye ulimi wetu. Jina likashika. Bunduki hiyo yenye mtambo uliokatwakatwa ilifanya kazi miaka mingi, na naona ni lile shinikizo la chini lililoiwezesha. Ungeweka humo risasi ya bar 4,000, hadithi ingekuwa fupi.

Mwaka 1951 Selby alimwongoza mwandishi wa Marekani, Robert Ruark, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu cha safari ile, Horn of the Hunter. Wamarekani wakasoma, na wengi wakaitaka .416. Tatizo ni kwamba kabla ya vita Rigby walikuwa wameuza chini ya 200, na kwao Marekani hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Mwenye kuitaka ilimbidi aagize kwa fundi, kipande kwa kipande.

Mpango wake ulianza na mtambo, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Kabla ya vita vya kwanza Waingereza walikuwa wakijaribu risasi mpya ya kijeshi, .276, iliyokuwa kubwa. Wakaiundia bunduki yenye mtambo mrefu na imara. Vita vikaja, risasi ikatupwa, bunduki ikabaki, na mwaka 1917 Wamarekani wakaigeuza itumie risasi yao na kutengeneza zaidi ya milioni 2. Baadaye zikauzwa kwa raia kwa bei rahisi. Mafundi wakagundua kwamba ule urefu uliobaki kutoka kwenye mradi uliokufa unatosha kuibeba .416 Rigby. Wengine, kuanzia miaka ya 1960, walipata mtambo wa ZKK 602 wa Brno, Czechoslovakia, uliokuwa mrefu tangu mwanzo.

Mtambo ukipatikana, mtutu na kitako cha mbao havikuwa taabu. Taabu ilikuwa chakula cha bunduki yenyewe. Risasi zilitoka kwa Kynoch wa Uingereza, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 Kynoch walikuwa wameacha kuzitengeneza. Fikiria umelipa fundi, umesubiri, umepata kitu kizuri cha kilo 4 na nusu, na hakuna cha kutia ndani. Watu wakaponea kwa Weatherby. Ganda la .378 Weatherby la mwaka 1953 lilifuata umbo la Rigby, likaongezwa mkanda wa shaba kitakoni, na mdogo wake .460 alikuwa vilevile. Basi wenye subira wakachukua maganda ya .460, wakayafunga kwenye mashine ya kukereza, wakaondoa mkanda, wakayafinya mdomo yakawa ya Rigby tena. Moja moja. Mtoto akageuzwa kuwa baba yake.

Mambo yalifunguka mwaka 1989, Ruger walipotoa bunduki ya .416 Rigby kiwandani na Federal wakatengeneza risasi zake. Miaka michache kabla ya hapo ganda hilohilo lilikuwa limebanwa mdomo Marekani ili kupata risasi ya kijeshi ya masafa marefu, na likashindwa, maana lilichorwa kwa shinikizo la chini. Lapua wa Finland ikawabidi waliunde upya kwa ndani, wakaongeza shaba kitakoni. Hiyo ndiyo .338 Lapua Magnum ya leo. Kwa nje unaona Rigby. Kitako kinapita palepale kwenye bolti. Ndani ni kitu tofauti.

Selby mwenyewe alihamia Bechuanaland miaka ya 1960, nchi iliyokuja kuitwa Botswana, na akafariki huko Maun mwaka 2018, akiwa na miaka 92.