Kabla ya Maabara, Mwalimu: Funzo la Miaka ya 1960



Kila tunapochangia shule za nyumbani, swali la kwanza huwa ni mifuko mingapi ya saruji. Si swali baya. Lakini mwaka huu, tunapozungumzia sayansi katika shule zetu za msingi, tuwakumbuke watu walioifanya kazi hii kabla yetu, tena hapa hapa Afrika.

Mwanzo wake uko Marekani. Mwaka 1956 Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa chuo cha MIT, aliwakusanya wanasayansi na walimu waandike upya somo la fizikia la sekondari. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walishtuka na fedha za kazi hiyo zikaongezeka. Mwaka 1958 ikaundwa taasisi ya ESI, ambayo baadaye iliingia katika EDC. Mwaka 1961 waelimishaji wa Kiafrika walikutana na kundi hilo kule Marekani, na mwaka uliofuata zikaanza warsha za hisabati mjini Entebbe, Uganda.

Sayansi haikuchelewa. Mwaka 1965 wahusika walikutana Kano, Nigeria, kisha wakafanya warsha Entebbe. Ndivyo ulivyoanza Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi Afrika, kwa fedha za serikali ya Marekani. Nchi yetu ilishiriki, pamoja na Kenya, Uganda, Malawi, Ghana, Nigeria na Sierra Leone.

Timu ile ilikuwa na wanasayansi, wakufunzi na walimu wa darasani, wakikaa meza moja. Waliandika vitini, wakavijaribu kwa watoto, kisha wakavisahihisha. Vifaa vyao vilikuwa mchanga, maji, mbu, rangi za kutengeneza kwa mimea na udongo, na yule mdudu anayechimba kishimo kwenye mchanga mkavu ili anase sisimizi. Mtoto hakuambiwa jibu. Aliulizwa: umeona nini, na utajuaje kama ni kweli?

Je, ilisaidia? Eleanor Duckworth, aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget, alitumwa kuupima mpango huo Kenya. Hakutoa mtihani wa kukariri. Aliwapa watoto vitu mbalimbali, akatazama wanavifanyia nini. Waliosoma kwa mpango ule walibuni mambo mengi zaidi, na magumu zaidi, kuliko wenzao.

Mwaka 1970 nchi za Kiafrika zilichukua usukani kwa kuunda SEPA, chombo chenye makao Accra, ambacho Hubert Dyasi alikuja kuwa mtendaji wake mkuu. Leo ukipita katika shule zetu huoni dalili za vitini vile. Mchanga haujaisha, na sisimizi bado wapo.

Mimi ni mhasibu, nami naisoma historia hii kama hesabu. Mchanga ni bure. Gharama iko kwa mwalimu: semina, nauli, posho ya chakula, na mtu wa kumtembelea darasani muhula unaofuata. Gharama hiyo hurudi kila mwaka, kwa sababu walimu huhamishwa na wapya huja. Jengo hulipiwa mara moja, likazinduliwa na kupigwa picha. Semina ya walimu haina utepe wa kukata, ndiyo maana huwa ya kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Katika kila shilingi milioni moja tutakayochanga, laki mbili ziwekwe kwenye akaunti ya walimu wa sayansi, zisiguswe kwa saruji, na hesabu zake zisomwe katika mkutano mkuu kila mwaka. Maabara tutaijenga. Lakini tukijenga bila kumwandaa mwalimu, tutakuwa tumejenga stoo.

Fomu ya ahadi imo katika kijitabu hiki. Tafadhali ijaze, na uandike ahadi yako ni ya miaka mingapi.