Jeraha la Vita ni la Nani?

Oktoba 1918 safu ya jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck ilipita Ubena, ikamwacha Jenerali Kurt Wahle akiwa mgonjwa huko Njombe, kisha ikashika njia ya Mbozi kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Mwezi huohuo, katika riwaya ya Erich Maria Remarque iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1929, kijana Paul Bäumer anauawa huko Ulaya siku ambayo makao makuu hayakuwa na jipya la kutangaza. Vita ni vilevile na bendera ni ileile. Lakini mfuate askari wa Remarque hadi mwisho, kisha mfuate askari wa riwaya za kwetu, utaona waandishi wanatofautiana katika jambo moja zito: vita vikimgeuza mtu, mgeuko huo ni wa nani?

Kwa Remarque ni wa askari mwenyewe. Paul anapewa likizo, anarudi nyumbani, anaketi chumbani kwake mbele ya vitabu alivyovipenda akiwa mwanafunzi. Anavingoja vimsemeshe kama zamani; vinanyamaza. Mama yake mgonjwa anamuuliza kama huko mstari wa mbele hali ni mbaya, naye anamdanganya. Baba anataka visa vya vita vya kuwasimulia wenzake, na wazee wa mji wanamweleza yeye, aliyetoka mtaroni, namna vita vinavyopaswa kupiganwa. Nyumba ni ileile na watu wanampenda, ila hakuna pa kuuingilia moyo wake. Hata pale anapomchoma kisu Mfaransa katika shimo la bomu na kulazimika kushinda naye akimsikiliza anavyokata roho, anafungua pochi ya marehemu, anasoma jina, anajua kwamba alikuwa fundi wa uchapaji, anaiona picha ya mke na mtoto, anaapa kuwahudumia. Akishatoka shimoni kiapo kinayeyuka. Hakuna shangazi wa marehemu atakayebisha hodi kukidai. Remarque alirudi kwenye jambo hili mwaka 1931 kwa riwaya nyingine, ya askari waliorejea nyumbani, na humo pia watu wanaoelewana barabara ni wale waliokuwa mtaroni pamoja.

Abdulrazak Gurnah, katika *Afterlives* ya mwaka 2020, anaanzia mbali zaidi na anamalizia mbali zaidi. Hamza wake anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, akikimbia maisha ya mtu aliyetolewa kulipia deni. Vita vinampitisha bara, na jeraha lake kubwa halitokani na adui: Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe ndiye anayemkata kwa upanga. Anauguzwa misheni, anarudi pwani akichechemea. Mwandishi mwingine angemwacha hapo, Gurnah ndipo anapopunguza mwendo. Anataka tujue nani alimpa Hamza kazi katika karakana ya Nassor Biashara, nani alimfundisha useremala, namna Khalifa, mzee mwenye ulimi mkali na moyo laini, alivyomtafutia chumba kidogo nyumbani kwake. Hamza anamwoa Afiya. Usiku analia usingizini, na anayeamka ni mkewe. Miaka inapita, mtoto wao anaanza kusikia sauti, mganga anaitwa, na kinachodaiwa na sauti hiyo ni habari za Ilyas, kaka wa Afiya, aliyekwenda vitani asirudi. Kwa hiyo aliyeugua vita ni mtoto ambaye hakuzaliwa vita vilipopiganwa. Paul alikosa mtu wa kumgawia jeraha lake. La Hamza limegawanywa kama urithi, na waliolipokea hawakuulizwa kama wanalitaka.

Sitaki kuufanya huu kuwa ushindani wa upweke wa Ulaya na undugu wa Afrika, maana Ngũgĩ wa Thiong'o aliuvuruga mpango huo mapema, mwaka 1964. Katika *Weep Not, Child*, Boro anarudi kutoka Vita Kuu ya Pili akiwa ameacha ndugu yake amekufa huko, anakuta ardhi ya ukoo haipo, na wa kwanza kumgeuzia hasira ni baba yake, Ngotho, akimuuliza kwa nini alikubali kunyang'anywa. Undugu upo, lakini hapo ndipo unapouma. Ajabu nyingine ni kwamba mlowezi Howlands naye ni mtoto wa vita. Vile vya 1914 vilimvunja imani akaja Kenya kujificha ndani ya shamba. Ni mmoja wa kizazi cha Paul, tuseme, aliyenusurika, na amekuja kuponea juu ya udongo wa Ngotho. Walowezi waliotoka vitani walitafuta ardhi katika Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika pia: mwaka 1925 Lord Delamere aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu, na Sao Hill na Mufindi zikawa na mashamba yao. Tumezoea kumsoma mlowezi kama mnyang'anyi, na ni kweli alikuwa mnyang'anyi. Ngũgĩ anatutaka tumwone pia kama majeruhi, bila kumsamehe.

Uheheni vita vinasimuliwa kwa namna ya tatu. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo. Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amewekewa zawadi ya rupia 5,000 juu ya kichwa chake, Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi. Kichwa kilikatwa; fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining, na sasa limehifadhiwa Kalenga. Katika simulizi za kishujaa mtu huyu habadiliki. Wa Lugalo na wa Mlambalasi ni yuleyule, na hilo si upungufu wa sanaa. Watu waliochomewa ghala na kuona mifugo yao ikiswagwa walihitaji angalau mmoja ambaye vita havikumpinda. Ebrahim Hussein alipoiandika *Kinjeketile*, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, mwaka 1969 alithubutu kumtia shujaa shaka, akamwonyesha anayumba mbele ya maji aliyowapa watu. Lakini Hussein alikuwa akiandikia jukwaa la nchi iliyokwisha kujitawala. Msimulizi wa miaka ya 1900 hakuwa na nafasi hiyo.

Anayebadilika ni mtu mdogo. Askari wa Sajini Merkl walifika Mlambalasi kwa kuongozwa na kijana waliyemkamata njiani, mtumishi wa Mkwawa. Taarifa za kijeshi zinamtumia kama njia ya kufikia maiti, kisha zinamwacha. Kwangu mimi huyo ndiye mhusika wa riwaya. Ngũgĩ angemtambua mara moja: katika *A Grain of Wheat* ya mwaka 1967, Mugo anamsaliti Kihika, kijiji kinamdhania shujaa, naye anaungama usaliti huo hadharani siku ya sherehe za Uhuru, kwa sababu siri ya aina hiyo kijiji kina haki nayo. Remarque angebaki naye peke yake usiku ule wa kwanza. Gurnah angetuuliza alioa wapi.

Lakini kijana huyu alikamatwa, hakuchagua, na msomaji atamwonea huruma bila shida. Kigumu zaidi ni mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilipofika Mahenge, Kapteni Nigmann wa jeshi la Wajerumani alitoka Iringa kwenda kuliokoa boma, na Wahehe walikwenda upande wake. Miaka kumi na minne tangu Lugalo! Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile alikuwa na 34 sasa, baba wa watoto, na safari hii alikuwa upande wa bunduki zilizoibomoa Kalenga. Kuna sababu za kisiasa na mwanahistoria atazitaja: uhasama wa zamani na majirani, masikilizano ya watemi wadogo na boma, na kumbukumbu ya kile Mjerumani alichoweza kufanya. Sababu hizo hazituambii alimweleza nini mwanawe. Wa karibu naye ni Ilyas wa Gurnah, aliyesomeshwa na mkulima Mjerumani, akawapigania Wajerumani kwa shukrani, akaishia katika kambi yao ya mateso huko Ujerumani. Ila Ilyas alikuwa mmoja, na aliwapenda kweli. Wale wa Iringa walikuwa wengi, na sidhani kama mapenzi yalikuwamo.