Kilemba cha Padre Asiye Askofu

Mwaka 2014 Papa Fransisko aliagiza kwamba padre wa jimbo asipewe cheo cha monsinyori kabla ya kutimiza miaka 65. Sidhani kuna parokia iliyoyumba. Cheo hicho huleta mshipi wa zambarau na kiti cha mbele, basi. Wenye ulimi mkali wangekiita kilemba cha ukoka. Lakini ukubwa wa namna hii, ulio chini ya uaskofu, umewahi kubeba kanisa zima.

Huko Malabar, India, Wakristo wa Mtakatifu Toma waliletewa maaskofu kutoka Mesopotamia. Mgeni alibariki na kutoa daraja. Aliyetawala ni mwenyeji, shemasi mkuu (padre kamili, jina lisikupotoshe) wa ukoo wa Pakalomattam. Wareno walipokuja na askofu wao, wakambana shemasi mkuu huyo. Tarehe 3 Januari 1653 umati ulifurika kwenye msalaba wa Mattancherry. Inasimuliwa kwamba msalaba ulifungwa kamba, na wasioweza kuufikia wakazishika kamba hizo huku wakiapa kutowatii tena Wajesuiti, watawa waliokuja na Wareno. Mwezi Mei mapadre 12 wakamwekea mikono shemasi mkuu Thomas, wakamwita askofu. Kwa sheria ya kanisa hicho ni kituko, kwani padre hawezi kutoa asichokuwa nacho. Watu wengi walimfuata hata hivyo.

Uingereza mambo yalikwenda kombo. Mwaka 1598, padre Mkatoliki akiweza kunyongwa kwa upadre wake tu, Roma haikupeleka askofu. Ilimteua George Blackwell kuwa padre mkuu. Hakuweza kutoa kipaimara wala daraja, ila kuwanyoosha wenzake, tena kwa kushauriana na mkuu wa Wajesuiti. Wenzake wakaja juu, wakakata rufaa Roma, na mwaka 1602 Papa Clement VIII akaufuta ushauriano huo. Askofu alipatikana 1623, naye aliitwa William Bishop, yaani William Askofu! Kazi ya Blackwell ilifanana na ya Thomas: kushika nyumba isiyo na baba. Ila cheo cha Thomas kilimea ukooni, watu wakakiona chao. Cha Blackwell kilishuka kwa barua ya kardinali.

Ethiopia walikaa na hali kama ya Malabar karne nyingi. Abuna, askofu wao, alikuwa Mmisri aliyetumwa na Wakopti. Akifa, ujumbe ulifunga safari hadi Misri kuomba mwingine, na huku nyuma hakuna wa kutoa upadre. Aliyebaki na watu ni echege, mkuu wa watawa wa Debre Libanos, Mhabeshi mwenye sauti hata kwa mfalme. Mwaka 1951 Basilios alikuwa Mwethiopia wa kwanza kupewa kiti cha Abuna, naye alitoka kwenye uechege. Vyeo viwili vikakaa kichwani mwa mtu mmoja, na hadi leo Patriaki wa Ethiopia, mrithi wa kiti hicho cha Abuna, akitajwa kwa vyeo vyake vyote, huitwa pia Echege wa kiti cha Mtakatifu Tekle Haymanot, mwanzilishi wa Debre Libanos.