Kifungo Kisicho na Tarehe: Somo la Manyani

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya Hali ya Hatari nchini Kenya, huwaomba wanafunzi wangu watoke kwanza msituni waingie kambini. Tumezoea kuisimulia Mau Mau kwa bunduki za kujitengenezea na mapambano ya Nyandarua, ilhali waliokaa nyuma ya seng'enge walikuwa wengi kuliko waliokaa porini. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: yule aliyefungwa bila hukumu alihesabu siku zake kwa lipi?

Tuanze na jinsi kambi zilivyopangwa. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakasombwa kupelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu wapatao 80,000 kwa kipindi chote; mwanahistoria Caroline Elkins anashikilia kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi sana. Wengi wao hawakupandishwa kizimbani.

Huko kambini mtu alipewa rangi. Mweupe ni aliyedhaniwa kuwa hana kosa, au aliyekwisha kukiri kiapo. Wa kijivu ni aliyekuwa akilegea. Mweusi ni yule sugu. Mchujo ulifanywa na maofisa wakisaidiwa na watoa habari waliofunikwa gunia toka kichwani, wakichungulia kupitia matundu mawili na kutikisa kichwa. Wakikuyu wakawaita gakunia. Aliyekiri alisogezwa kambi moja hadi nyingine kuelekea kwao. Aliyekataa alirudishwa nyuma, kwenye kazi ngumu na mazingira makali zaidi. Waingereza waliufananisha mfumo huo na bomba: watu waingie upande huu wakiwa wachafu, watokee upande wa pili wakiwa wamesafishwa.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la mwanafunzi wangu likianza kujitokeza. Mfungwa wa kawaida, hata wa miaka kumi, huweza kuchora mistari ukutani na kuipunguza. Mahabusu wa Manyani hakuwa na mstari wa kupunguza. Aliambiwa kwamba ufunguo uko kinywani mwake mwenyewe: akiri, ataje wenzake, aende. Kila siku aliyobaki ilihesabiwa kuwa kosa lake. Silaha kuu ya kambi zile, pamoja na viboko, ilikuwa kumnyima mtu tarehe.

Walifanyaje basi? J. M. Kariuki, aliyepitia kambi hizo kuanzia 1953 hadi 1960 na kuandika kumbukumbu zake, anatuonyesha kwamba waliunda serikali yao ndogo. Kila boma lilichagua viongozi. Kulikuwa na kanuni za usafi, za kugawana chakula, za kuamua ugomvi bila kumpelekea ofisa. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Habari nazo zilipangwa: zile za kuaminika ziliitwa Manyani Times, na tetesi ziliitwa Waya Times, magazeti mawili yasiyo na karatasi, yaliyosomwa kwa mdomo. Barua zilipenyezwa nje hadi kwa wabunge wa London, ingawa aliyegundulika aliadhibiwa vikali. Gakaara wa Wanjau, mwandishi aliyewekwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, aliweka shajara. Watu walionyimwa kalenda wakajitungia kalenda yao: saa ya darasa, saa ya baraza, saa ya habari.

Sipendi kuifanya habari hii kuwa hekaya ya mashujaa watupu. Wengi walikiri, na kukiri baada ya miezi ya kipigo na njaa si aibu ya aliyekiri. Isitoshe, umoja wa bomani nao ulikuwa na ukali wake kwa aliyeshukiwa kuvujisha siri. Na mwisho wa bomba ulikuwa damu. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, mahabusu waliokataa kazi walipigwa marungu mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uongo huo ulipofichuka, kambi zilikosa wa kuzitetea hata katika Bunge la Uingereza.

Ingekuwa faraja kuishia hapo. Lakini mwaka 1966 Kenya huru ilijitungia sheria iliyoruhusu tena watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, chini ya rais aliyewahi kuwa mfungwa Lokitaung. Abdilatif Abdalla alihukumiwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, akatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* gerezani juu ya karatasi za msalani. Yeye angalau alipewa miaka mitatu ya kuhesabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyepelekwa Kamiti mwishoni mwa 1977, hakupewa hata hiyo. Naye aliandika riwaya juu ya karatasi za aina ileile. Kariuki, mwalimu wetu wa maisha ya kambini, aliuawa mwaka 1975 katika nchi aliyoifungiwa.

Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: walihesabu siku kwa kazi waliyofanyiana. Kisha nikamrudishia swali. Leo hii, katika mahabusu zetu, wako watu ambao hawajahukumiwa, wanaokaa ndani kwa kuwa tu wamekosa fedha za dhamana, kesi zao zikiahirishwa mwezi hadi mwezi. Hakuna anayewapaka rangi, wala hakuna gakunia. Lakini ukimuuliza mmoja wao atatoka lini, atakupa jibu ambalo mtu wa Manyani angelitambua mara moja. Sisi tuliosoma historia hiyo tuna udhuru gani wa kulizoea?