Kushusha pikapu ya zamani kwa bloki za chuma: jinsi zinavyotengenezwa na pa kukomea

Pikapu nyingi kongwe ambazo bado zinatembea Mwanza, iwe Peugeot 504, Datsun ya miaka ya 70 au Toyota Hilux za mwanzo, zinafanana kwa kitu kimoja chini ya bodi. Magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja nzima, na ekseli hiyo inabebwa na springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwa muundo huo, ipo njia rahisi ya kulifanya gari likae chini nyuma na kupendeza machoni: kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Kipande hicho tutakiita bloki.

Vijana wanaofufua pikapu zilizoachwa na wazee wao hutaka kujua kama bloki inaweza kutengenezwa hapa hapa bila kuagiza nje. Inaweza, na kwa fundi wa kukereza vyuma si kazi kubwa. Lakini kipande hicho kidogo ndicho kitakachoizuia ekseli ya nyuma isihame, na pikapu inayopambwa kwa harusi Jumamosi ndiyo inayobeba watu na magunia siku ya gulio. Kwa hiyo tunalieleza jambo hili kwa kirefu.

Kwanza chungulia chini ya gari

Bloki ile ile inaweza kushusha gari moja na kuinua jingine. Inategemea springi imepita wapi. Kama springi iko chini ya ekseli, bloki ikiwekwa katikati husogeza ekseli juu kuelekea chasi, na gari linashuka. Kama springi inakaa juu ya ekseli, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi zinazovuta kwa magurudumu yote manne, bloki hiyo italiinua gari. Mwenye gari la aina hii ya pili asome makala haya kwa kujua tu, bloki haitamshushia.

Halafu hesabu majani ya springi. Huku kwetu pikapu nyingi za mizigo ziliongezewa jani moja au mawili ili zisilale zikibeba dagaa au mpunga. Kama gari lako limeinua makalio kama panzi kwa sababu hiyo, kuondoa jani lililoongezwa kutalirudisha kwenye kimo cha kiwandani bila bloki yoyote, na halitarusha sana likiwa tupu. Litabeba kidogo zaidi, hilo lazima ulikubali.

Baada ya hapo, pima. Kwenye chasi, juu ya ekseli, kuna mpira mnene unaozuia chuma kugonga chuma springi inapolala. Egesha gari sehemu tambarare, pakia mzigo wako wa kawaida, upime kutoka ekseli hadi kwenye mpira huo. Tuseme umepata sentimita 9. Bloki ya sentimita 5 itakuachia sentimita 4 tu, na kwenye matuta ya barabara ya Kisesa kwenda Magu mpira utakuwa unagongwa kila mara. Kwa maoni yetu, kama nafasi itakayobaki gari likiwa na mzigo ni chini ya sentimita 5, liache wazo hilo. Wapo wanaoukata mpira ili kupata nafasi. Hao wamehamishia kipigo kwenye chasi yenyewe, na chasi ya miaka 40 yenye kutu haina ubavu huo.

Ndiyo maana hatuoni sababu ya kushusha pikapu inayoshuka mwaloni. Kwenye lami ya kutoka Sengerema hadi Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, gari lililoshushwa litapita vizuri tu. Tabu inaanza pale unapoiacha lami na kufuata njia ya makorongo kwenda ziwani.

Chuma gani, na kiweje

Bloki nzuri hukatwa kwenye chuma kizima, kisicho na uwazi ndani. Aluminiamu nzito iliyo nzima nayo hufaa. Mbao haifai hata iwe mninga: inabanwa, inanyauka, inapasuka, na siku inapopungua milimita chache yu-bolti zote zinalegea. Bomba la mraba la kutengenezea mageti lina kuta nyembamba na litabonyea. Zege hata tusilizungumzie.

Upana wa bloki uwe sawa na upana wa jani la springi, na urefu wake usipungue urefu wa kikalio cha ekseli, yaani bati nene lililochomelewa kwenye ekseli ambapo springi inakaa. Kimo kisizidi sentimita 5. Bloki ndefu hugeuka kama wenzo: unapokanyaga breki au kuondoka kwa nguvu, ekseli hutaka kujizungusha, na kadiri bloki inavyokuwa ndefu ndivyo inavyopata nguvu ya kuipinda springi na kulegeza vifungo. Kwa sababu hiyo usipange bloki mbili, moja juu ya nyingine, hata kama zote zimetengenezwa vizuri.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni pini. Majani ya springi yameunganishwa katikati na bolti moja, senta bolti, ambayo kichwa chake huingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Kichwa hicho ndicho kinachoizuia ekseli isiteleze mbele wala nyuma. Yu-bolti kazi yake ni kubana. Ukiweka bloki isiyo na tundu wala pini, umeondoa kizuizi hicho. Basi upande wa chini bloki iwe na tundu la kupokea kichwa cha senta bolti, na upande wa juu iwe na pini ya kipenyo kile kile itakayoingia kwenye kikalio. Vyote viwili viwe kwenye mstari mmoja. Pini ikereezwe kwa kipimo na kuingizwa kwa kubana, isiwe msumari uliochomelewa juu juu.

Bloki zote mbili zikatwe kwenye kipande kimoja cha chuma na kusawazishwa pamoja, kisha zipimwe kwenye kona zote. Bloki ikiwa nene upande wa mbele kuliko wa nyuma, pua ya difu itainuka au kuinama, shafti itazunguka kwa pembe mbaya, na utasikia mtetemo unaokula krosi za shafti. Pale Nyakato, kwenye eneo la viwanda, wapo mafundi wenye mashine za kukereza na kusawazisha chuma. Msumeno wa mkono na tupa havitakupa usawa huo, hata mkono uwe hodari kiasi gani.

Yu-bolti na ufungaji

Yu-bolti za zamani hazitafika, kwa kuwa bloki imeongeza kimo. Nunua mpya zilizo ndefu kwa kiasi hicho, zenye unene ule ule wa za zamani. Usiunge za zamani kwa kuchomelea, na usikubali zilizopindwa kutoka nondo ya ujenzi. Nondo hupindika kirahisi na hulegea kirahisi.

Wakati wa kufunga, zuia magurudumu ya mbele, kisha simamisha chasi juu ya stendi za chuma. Usitumie mawe wala matofali. Ekseli ishikwe na jeki. Fungua upande mmoja, weka bloki, funga, ndipo uhamie upande wa pili. Ukifungua pande zote kwa pamoja ekseli inaweza kujizungusha na kukubana. Nati zikazwe kwa zamu, kwa kukingamana, kidogo kidogo.

Breki inayodanganywa

Hapa ndipo tungependa msomaji atulie. Pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, zina kifaa kwenye chasi kinachogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Kimeunganishwa na ekseli kwa mkono mwembamba wa chuma. Mzigo ukishusha bodi, mkono unasogea, kifaa kinaelewa kwamba gari ni zito, na kinaruhusu breki zaidi nyuma. Gari likiwa tupu kinapunguza.

Ukilishusha gari kwa bloki, kifaa hicho kinaona bodi imeshuka na kudhani kuna mzigo, ingawa nyuma hakuna kitu. Kinapeleka breki nyingi kwenye magurudumu ambayo hayana uzito wa kuyakandamiza chini. Siku ya mvua, kwenye mteremko, magurudumu ya nyuma yanafunga, yanateleza, na mkia wa gari unataka kutangulia mbele. Dereva atalaumu tairi. Mkono huo una sehemu ya kurekebisha, na ni lazima urekebishwe kulingana na kimo cha bloki, na fundi anayejua breki. Kisha gari lijaribiwe likiwa tupu, polepole, mahali pasipo na watu.

Mengine ya kuangalia

Shokapu sasa zinakaa zikiwa zimejifunga zaidi. Zikigota ndani zitavunjika, kwa hiyo huenda ukahitaji fupi. Angalia bomba la moshi linapopita juu ya ekseli, mpira wa breki, na kebo ya breki ya mkono. Taa za mbele nazo zimeinuka kwa kuwa nyuma imeshuka, na zitawapofusha wanaokuja mbele yako. Zirekebishe kabla ya safari ya kwanza ya usiku.

Jambo jingine lina historia yake. Mtindo wa kushusha magari ulishamiri California, Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa vijana wenye asili ya Mexico. Kuanzia 1958 sheria ya jimbo hilo ilikataza sehemu ya gari kukaa chini kuliko ukingo wa rimu, na kijana mmoja, Ron Aguirre, alifunga pampu za mafuta ili gari lake lipande na kushuka atakavyo. Sheria hiyo ilifutwa, lakini kipimo chake bado kina akili: tairi ikipasuka na rimu ikigusa lami, kitu kingine kisiburuzike. Kumbuka kwamba bloki husukuma springi na bati la yu-bolti kwenda chini, karibu zaidi na ardhi. Weka ubao mnyoofu usawa wa chini ya rimu uone kama bati hilo limeshuka kupita hapo.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye gari alitunze katika hali salama, na askari wa usalama ana haki ya kulikagua. Mjulishe pia wakala wako wa bima, kabla hajajulishwa na ajali.

Nati za yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, na tena baada ya 500, kwa sababu chuma kipya hukaa vizuri kikishapata mitikisiko. Ukimaliza kukaza, piga mstari wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye bati. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, inama utazame: mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka, na gari lisitoke mpaka ikazwe.