Uhifadhi wa vipandikizi vya nywele

Uhifadhi wa vipandikizi vya nywele ni namna ya kuvilinda vinyweleo tangu vinapotolewa kisogoni mwa mgonjwa hadi vinapopachikwa penye upara. Upasuaji wa vipandikizi 2,000 au zaidi huchukua saa nyingi, na muda wote huo kila kipandikizi kilichotolewa kimekatiwa damu. Hakipati oksijeni wala lishe, ingawa seli zake zi hai na zinatumia akiba yake ndogo.

Kipandikizi cha siku hizi ni kipande chembamba cha ngozi chenye nywele 1 hadi 4 pamoja na mizizi yake. Zamani vilikuwa vikubwa zaidi: daktari Norman Orentreich wa New York, aliyechapisha kazi yake mwaka 1959, alihamisha vidonge vya ngozi vyenye upana wa milimita 4 hivi. Kichwa kilitoka kama cha mwanasesere, lakini kila kidonge kilikuwa na nyama ya kukikinga. Madaktari walipopunguza ukubwa ili nywele zionekane za asili, kinga hiyo nayo ikapungua.

Kinachoua zaidi ni ukavu. Kipandikizi kilichosahauliwa juu ya glavu, chini ya taa kali, huanza kukauka katika dakika chache, na kukirudisha majini hakufufui seli zilizokwisha kufa. Kwa hiyo msaidizi makini huchukua vichache tu kwa mkupuo na kuviacha vingine ndani ya maji. Baada ya ukavu ni kubanwa: kibanio kinapaswa kushika nyama iliyo pembeni, kisiuguse mzizi wenyewe.

Kuhusu muda, kipimo kinachotajwa sana ni cha daktari Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, cha miaka ya mwanzo ya 1990. Katika maji ya chumvi yaliyopozwa, vipandikizi vilivyokaa nje ya mwili saa 2 viliota kwa asilimia 95. Saa 4, asilimia 90. Saa 6, asilimia 86. Saa 24, asilimia 79. Na saa 48, asilimia 54. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kupoteza asilimia 1 kwa kila saa. Ichukuliwe kama makadirio tu, maana vya saa 8 vilifikia asilimia 88 na kuvipita vya saa 6.

Kimiminika cha kawaida ni maji ya dripu yenye chumvi ya asilimia 0.9. Ni rahisi kupatikana, ila hayana kitu cha kudhibiti asidi. Baridi hupunguza njaa ya seli, lakini pia hudhoofisha pampu inayotoa sodiamu. Sodiamu ikiingia huvuta maji, na seli huvimba. Miyeyusho kama HypoThermosol iliundwa kwa ajili ya hali hiyo ya ubaridi. Matangazo ya kliniki huisifu mno. Lakini kwa kazi ya saa chache, mikono ya wahudumu ina uzito zaidi kuliko chupa ya kimiminika.

Zaidi ya hayo, hakuna kimiminika kinachoponya kinyweleo kilichokatwa vibaya. Nywele za kipilipili za Waafrika wengi hujipinda hata chini ya ngozi, hivyo kisu cha duara cha kutolea vinyweleo kinachoshuka wima huweza kuupasua mzizi. Daktari anayezijua hutoa vichache vya majaribio, akavikagua kwa hadubini, ndipo abadilishe pembe au ukubwa wa kisu.

Vikishapachikwa, vipandikizi hulishwa na majimaji ya tishu hadi mishipa midogo ya damu iungane navyo. Katika siku za mwanzo, kukwangua magamba kunaweza kuving'oa. Kufikia siku ya 10 huwa vimeshika. Nywele zenyewe hupukutika kati ya wiki ya 2 na ya 4, jambo linalowatia wengi hofu bure, kwani mzizi umebaki. Mpya huanza kuchomoza mwezi wa 3 au wa 4, na tathmini ya vilivyopona hufanywa baada ya mwaka mmoja hivi.